Jibu la Jumapili

Tangu Jumanne Nevena alikuwa na neno moja mdomoni, ila hakuwa amepata pa kulisemea. Alilala nalo, akaamka nalo, akaenda nalo kazini kwenye duka la dawa, akabandika karatasi za maelezo juu chini mpaka mwenzake akamuuliza kama ana homa. Na Jumapili asubuhi, akiwa kiti cha nyuma cha gari la Momchil, mtoto Yana amemlalia begani, neno lenyewe bado lilikuwa pale pale, limeiva: ndiyo.

Momchil alikuwa mume wa dada yake. Dada huyo, Kalina, alifariki miaka mitatu iliyopita kwa ugonjwa wa damu uliommaliza katika majira ya baridi moja tu, akaacha mume na binti wa miaka mitano. Hakuna aliyemwomba Nevena aingilie. Alianza kwa kupita asubuhi kumsuka Yana nywele, kwa sababu Momchil, fundi mzima wa mitambo, alishindwa kabisa na kazi hiyo. Halafu akawa anapita na jioni. Halafu akajikuta siku yake haianzi mpaka abishe hodi kwenye mlango ule.

Mapenzi hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kupitia supu, kupitia homa ya mtoto, kupitia mwanamume aliyekaa mwaka mzima bila kucheka, na siku moja akacheka mpaka akashika mbavu kwa sababu Nevena amedondosha sufuria zima la maharage. Siku hiyo Nevena alirudi kwao akilia njiani, hajui analia nini.

Jumanne ndipo Momchil alipomwambia. Amepata kazi Burgas, bandarini, kutengeneza winchi. Mwisho wa mwezi anahama na Yana.

"Sitaki uje kututembelea kama shemeji," alisema, macho kwenye meza. "Njoo uwe mke wangu. Usinijibu leo. Nijibu Jumapili, siku ya kuzaliwa ya mtoto. Siku hiyo hata ukinikataa nitalazimika kutabasamu."

Sasa Jumapili imefika. Na kiti cha mbele, kikapu mapajani, kitambaa cheusi kichwani, ameketi mama wa Nevena na Kalina, Stoyanka, ambaye hakuwa na habari yoyote.

"Punguza mwendo, baba," Stoyanka alimwambia mkwewe. "Mji wa Tryavna hauhami."

"Naenda arobaini tu, mama."

"Basi nenda thelathini."

Yana aliinua kichwa. "Bibi, kwa mwendo huo nitafika nina miaka tisa."

Wote walicheka. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma, macho ya Momchil yalikutana na ya Nevena, yakatulia hapo muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa kwa mtu anayeendesha gari. Nevena akageukia dirishani. Uso ulimwaka moto.

Masharti ya siku ile aliyaweka Yana mwenyewe. Atachagua zawadi moja tu, lakini hatachagua mpaka aingie kila duka la mtaa ule mrefu wa mawe. Wakaanza upande wa mnara wa saa. Waliingia kwa muuza asali, wakaonjeshwa jamu ya jozi mbichi mpaka vidole vikanata. Waliingia kwa muuza kengele za ng'ombe, Yana akazipiga zote, moja baada ya nyingine, hadi mwenye duka akaziba masikio akicheka. Stoyanka alibaki nyuma kila mara, akivigeuza vitu na kuvirudisha, huku akinong'ona kwamba siku hizi watu hawajui kazi. Nevena na Momchil walitembea mbele, mtoto katikati yao akining'inia kwenye mikono yao miwili kama nguo kwenye kamba.

"Bado hujanijibu," Momchil alisema chini chini, mtoto alipowaponyoka na kukimbilia dirisha la duka jingine.

"Siku haijaisha."

"Unanitesa."

"Kidogo tu," Nevena alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa ulaini wake. "Acha nikutese mpaka tumalize kula. Halafu nitakwambia."

Momchil aliutazama uso wake kama mtu anayesoma barua, akapumua kwa nguvu, akaingia dukani.

Lilikuwa duka la mchonga mbao. Mwenyewe, Mzee Gencho, mtu wa masharubu meupe na aproni iliyojaa vumbi la mbao, alikuwa akimaliza ua la waridi kwenye mlango wa kabati. Yana alisimama mbele yake, mikono mgongoni, akakagua kazi kama mwalimu mkuu.

"Hilo jani limekaa vibaya," alisema.

"Yana!" Nevena alishtuka.

Mzee Gencho aliweka patasi chini, akacheka. "Mwache, mama, anasema kweli. Jani hilo nililichonga nimenuna." Akamtazama Nevena, akamtazama Momchil, akamrudia mtoto. "Macho haya umeyatoa kwa mama yako. Na ulimi huo pia, naona. Bwana, una kazi nyumbani!"

Momchil hakumsahihisha. Nevena naye hakumsahihisha. Kwa nafasi ya pumzi moja walisimama hivyo, watu watatu katika harufu ya mbao mbichi, na Nevena aliona raha iliyomtisha.

"Mama yake yuko kaburini, bwana."

Sauti ilitoka mlangoni. Stoyanka alikuwa amesimama na kikapu chake, mkavu kama kuni.

Mzee Gencho alifanya ishara ya msalaba. "Nisamehe, mama. Nisameheni wote. Mdomo wangu huu..."

"Huyu ni mama mdogo," Yana akamweleza kwa upole, akimwonea huruma. "Lakini tukihamia Burgas atakuwa mama tu, bila mdogo. Nilimsikia baba akimwambia. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa naenda kunywa maji."

Stoyanka alimtazama mkwewe, akamtazama binti yake. Akatikisa kichwa polepole kama watu wa kwao wanavyofanya wakikubali kitu, yaani ndiyo, nimeelewa sasa, kisha akageuka na kwenda zake. Kitambaa cheusi kilikatiza mtaani katikati ya watu waliovaa rangi za Jumapili.

"Nitamfuata mimi," Momchil alisema.

"Hapana. Ni mama yangu."

Alimkuta kanisani. Ibada ilikuwa imekwisha na ndani hapakuwa na mtu ila mwanamke mmoja akifagia. Stoyanka alikuwa ameinama mbele ya sinia la chini, lile la mchanga ambamo huwashwa mishumaa ya waliokufa. Mshumaa wa Kalina ulikuwa tayari unawaka.

"Tangu lini?" aliuliza bila kugeuka.

"Mama, tutoke nje."

"Nimekuuliza, tangu lini? Kabla hajafa au baada?"

Nevena alimsogelea. "Unaniuliza hilo mimi? Mimi niliyemwogesha? Mimi niliyemshikia beseni?"

Stoyanka aliziba mdomo kwa kiganja, kama aliyetaka kulirudisha neno lile ndani. Fagio lilikwaruza sakafu.

"Nisamehe," alisema mwishoni. "Lakini watu watauliza hivyo hivyo, Kali... Nevena. Jirani yetu Mitra atauliza. Watasema ulikuwa umekaa unangoja dada yako afe uingie kitandani mwake."

"Waache waseme."

"Ni shemeji yako!"

"Alikuwa shemeji yangu. Sasa ni mtu aliyebaki peke yake, na mimi ni mtu niliyebaki peke yangu."

"Na mimi je?" Sauti ya Stoyanka ilipasuka. "Mimi nimebaki na nani? Unakwenda Burgas na yeye, na mtoto mnamchukua. Mimi narudi kwenye ile nyumba, nafungua mlango, nakaribishwa na picha ya Kalina ukutani. Hiyo ndiyo itakuwa familia yangu."

Basi ilikuwa hofu. Nevena hakuwahi kumwona mama yake akiogopa, hata siku ya mazishi. Akamshika mikono. Ilikuwa baridi.

"Mama, nisikilize. Nina miaka thelathini na nne. Nimevaa viatu vya Kalina, sikulalamika. Koti lake la shule, sikulalamika. Gauni langu la kumaliza shule lilikuwa lake, ukalipunguza kiuno, nikasema asante. Lakini huyu mwanamume sikumrithi. Huyu nimempenda mwenyewe, kwa moyo wangu ambao haukuvaliwa na mtu mwingine. Mara moja tu, mama, niruhusu niwe na kitu changu."

Stoyanka alilia bila sauti, mabega yakitikisika. Alilia muda mrefu. Kisha akafuta uso kwa ncha ya kitambaa, akatoa mishumaa miwili kikapuni, akaiwasha. Safari hii hakuinama. Alinyoosha mkono kwenye sinia la juu, la walio hai, akaisimika pamoja, ikigusana.

"Nenda," alisema. "Nenda ukamwambie kabla sijabadilisha mawazo. Nitakuja kuishi nanyi, na nitawanung'unikia kila siku."

Nevena alimbusu mikono yote miwili. Halafu akakimbia.

Alikimbia kama msichana. Alipita daraja la mawe, akapita kwa muuza asali, kwa muuza kengele, akichungulia kila dirisha, neno lake likimcheza ulimini. Aliwakuta duka la mwisho, la nguo za sufu. Yana alikuwa amechuchumaa pembeni na paka wa duka na watoto wake wanne, zawadi amekwisha kusahau. Momchil alikuwa mbele ya kioo kirefu, ameshika shali ya kijani.

Aligeuka, akaona uso wake, akajua. Hakuhitaji kuambiwa.

"Subiri," alisema, akicheka na kutetemeka kwa pamoja. "Usiseme bado. Njoo hapa kwanza. Simama hapa."

Alimgeuza kwenye kioo. Akamfunika shali mabegani, taratibu, akautoa msuko wa nywele zake chini ya sufu na kuulaza juu. Vidole vyake vilimgusa shingo. Nevena alifumba macho, akayafumbua. Kwenye kioo aliona macho ya Momchil yakimtazama jinsi alivyoota kutazamwa miaka mitatu, macho ya mtu aliyerudi nyumbani baada ya safari ndefu, amechoka na ana furaha.

"Umependeza," Momchil alinong'ona. "Umependeza sana, Kalina."

Hakusikia alichosema. Hakushtuka, hakujirudi. Aliendelea kulainisha sufu begani, akitabasamu. "Kijani ndiyo rangi yako siku zote. Na ile nyumba ya Burgas, sijakwambia, dirisha la jikoni linatazama mashariki. Kama ulivyotaka."

Nevena hakuwahi kutaka dirisha la mashariki. Hakuwahi kupenda kijani. Alisimama pale bila kusogea, na mambo madogo yakaanza kumjia moja moja, kama watu wanaoingia chumbani kwa kunyata. Kahawa ambayo Momchil humtilia sukari mbili kila siku, yeye ambaye hanywi sukari, na amekwisha kumwambia. Kiti anachomvutia mezani, kile cha karibu na jiko. Wimbo anaoupiga mluzi akimwona anaingia. Yote aliyahesabu kuwa mapenzi. Na yalikuwa mapenzi kweli. Ila hayakuwa yake.

Aliliona hata lile gauni la kumaliza shule, lililopunguzwa kiuno.

Mwenye duka alikuwa akiuliza kama waifunge au dada ataivaa hivyo hivyo. Nevena aliivua shali. Akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akaiweka juu ya meza na kuilaza vizuri kwa kiganja.

"Momchil," alisema. "Jibu langu ni hapana."

Tabasamu lilikawia usoni mwake kama halikusikia. "Unasema nini?"

"Siji Burgas."

"Umekuja unakimbia. Nimekuona. Umekuja na ndiyo usoni, nimeiona kwa macho yangu!"

"Hukuona vizuri."

"Ni mama yako," alisema, na rangi ikamtoka. "Amekwambia nini huko? Niambie ukweli. Ni yeye?"

Nevena alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa jina moja tu, silabi tatu. Lakini alimfikiria mtu huyu aliyechukua mwaka mzima kujifunza tena kucheka. Akimwambia, atajisikiliza kila anapotaka kusema neno tamu. Ataogopa mdomo wake mwenyewe mpaka uzeeni. Na ataomba msamaha, na ataapa, na yeye Nevena, kwa jinsi anavyompenda, ataamini, ataolewa, na atakaa jikoni Burgas akitazama mashariki.

"Unamjua mama," alisema.

Momchil alitoka dukani kwa kishindo, kengele ya mlango ikalia nyuma yake. Stoyanka alikuwa ndiyo kwanza anavuka mtaa, kitambaa chake amekishusha mabegani, nywele nyeupe wazi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ulikuwa na kitu kama tabasamu la aibu. Alikuwa ameinua mkono kumpungia mkwewe.

"Umefurahi sasa?" Momchil alimpokea kwa ukali. Watu waligeuka. "Binti mmoja umemzika. Huyu wa pili unamzika anapumua! Nimekukosea nini mimi, mama? Nilimuuguza mtoto wako mpaka dakika ya mwisho. Sina haki hata ya kuishi?"

Mkono wa Stoyanka ulibaki hewani. "Baba, mimi nime..."

Nyuma ya Momchil, mlangoni mwa duka, Nevena alikuwa amesimama. Alimtazama mama yake tu, macho yakimsihi, yamejaa, hayajamwagika. Stoyanka alimtazama binti yake muda mrefu. Hakuelewa kilichotokea. Alielewa tu anachoombwa.

Alishusha mkono. Alikipandisha kitambaa cheusi kichwani, akakifunga chini ya kidevu.

"Ndiyo," alisema. "Nimekataa mimi. Unilaumu mimi, usimlaumu yeye."

Momchil alicheka kicheko kikavu, akageuza uso ukutani ili asionekane.

Yana alikuwa ametoka na paka mmoja mkononi. Alimvuta Nevena sketi. "Mama mdogo, huji Burgas?"

Nevena alipiga magoti kwenye mawe. Alimrekebisha kola ambayo haikuhitaji kurekebishwa. "Nitakuja. Kila likizo nitakuja."

"Kama mgeni?"

"Kama mama mdogo."

"Na nani atanisuka?"

"Nitamfundisha baba. Tuna wiki mbili. Atajifunza, utaona."

"Hawezi," Yana alisema, na midomo ikaanza kumcheza. "Unajua hawezi."

Stoyanka ndiye aliyesema kwamba wao wawili watarudi kwa treni. Momchil hakubisha. Aliwapeleka stesheni, akashusha kikapu, akamuaga mama mkwe wake kwa heshima ya mbali. Mbele ya Nevena alisimama.

"Kwaheri, shemeji," alisema.

Neno lile lilimkata maini. Alipunga mkono mpaka gari likapotea kwenye kona, na uso mdogo kwenye kioo cha nyuma nao ukapotea.

Walikaa benchi, mama na mtoto. Jua la Septemba lilikuwa linapiga reli. Treni ilikuwa bado nusu saa. Stoyanka aligawa mkate na jibini, hakuna aliyekula.

"Uongo huo nimeubeba," alisema Stoyanka. "Nitaubeba mpaka nife, sitamwambia. Sasa mimi niambie. Amekufanya nini?"

"Hakunifanya kitu."

"Nevena."

Nevena alitazama mikono yake. "Ameniita Kalina."

Ndipo machozi yalipotoka, yote kwa pamoja, na mama akamvuta kifuani, akamfunika kwa mikono yake kama alivyokuwa akimfunika mvua ikinyesha zamani. Hakumwambia nyamaza. Hakumwambia yataisha. Alimwacha alie mpaka kwikwi zikapungua zenyewe.

Kisha, kwa sauti ndogo ya mtu anayeogopa jibu, Stoyanka aliuliza, "Na mimi je? Mimi nakuita hivyo mara ngapi?"

"Kila siku, mama."

"Na leo?"

"Leo hata kanisani. Ulilikatiza katikati."

Stoyanka alishusha pumzi. "Miaka mitatu. Na hukuwahi kunishtua."

"Wewe ulimzaa. Wewe ungelisema hata mara mia kwa siku, ningeitika." Nevena alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Kwa mume nisingeweza."

Mbali, kwenye kona ya mlima, treni ilipiga honi. Stoyanka hakunyanyuka. Alikuwa amemgeukia binti yake, akimkagua nyusi, paji la uso, ule mkunjo mdogo pembeni mwa mdomo, kama mtu anayekisoma kitu alichokiweka nyumbani miaka mingi bila kukifungua.

"Nevena," alisema.

"Naam, mama."

"Hapana, sina neno." Alimtia mkononi kipande cha mkate, akamfumba vidole juu yake. "Nilitaka kukuita tu."